Kiti cha Mapumziko Kilikuwa Kimoja

Vijana wa idara ya kilimo, siku ya kuniaga mliniomba niandike kidogo nilivyofanya kazi, ili na nyinyi mpate cha kujifunza. Nimekubali. Vyeo na mishahara naviacha; vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua maana ndio huo huo mnaoulalamikia. Nitaandika habari za kazi, halafu nitaandika habari za mume wangu, kwa sababu miaka yote hii mmekuwa mkija nyumbani kwangu Jumamosi kumuuliza yeye amewezaje kustaafu akiwa bado na nguvu zake. Mnakaa naye barazani, mnamsikiliza, mnatikisa vichwa. Mimi napita na ndoo. Hakuna aliyewahi kuniuliza kitu, isipokuwa mmoja aliyeuliza kama kuna maji ya kunywa.

Nilianzia Likunja, upande wa Ruangwa, binti mwembamba niliyetoka chuo cha kilimo na sanduku la bati na viatu vyeupe. Bwana shamba niliyemkuta pale alikuwa Mzee Konstantino, Mmakonde ambaye wazazi wake walivuka mto kutoka Msumbiji. Aliviangalia vile viatu muda mrefu kabla hajaitikia shikamoo yangu.

"Hivyo vya kanisani au vya nsikitini?" akauliza.

Nikamwambia ni vya kazini.

"Basi kesho vitakuwa vyekundu. Keshokutwa utakuwa bibi shamba."

Vikawa vyekundu siku hiyo hiyo. Akanipa mabuti ya mvua yaliyonizidi, kamba ya katani yenye mafundo ya kupimia nafasi kati ya mche na mche, panga la kupogolea, na baiskeli ambayo breki yake ilikuwa ni mguu wangu. Akanifundisha pia jambo ambalo chuoni hawalifundishi hadi leo: ukifika kwa mkulima, kaa. Kunywa maji utakayopewa, uliza habari za watoto na mbuzi, halafu ndiyo useme kilichokuleta. Siku hizi nawaona mnafika na pikipiki, injini haijazimwa, mnamhutubia mtu juu ya viuatilifu huku mguu mmoja uko hewani. Halafu jioni mnaandika kwamba wakulima ni wagumu kuelewa.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mjane mwenye shamba la muhogo lililojaa ugonjwa wa batobato, majani yamejikunja yote. Nikamwambia ang'oe, achome, apande mbegu safi. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Mwanangu, kwangu hapatupwi kitu," akasema.

Na kweli hapakutupwa kitu. Maganda ya muhogo yalikwenda kwa kuku, gunia lililochakaa lilikuwa mkeka, mkeka uliochakaa ulikuwa mlango wa choo. Mzee Konstantino hakubishana naye. Alileta fimbo chache za muhogo mzima, akazipanda pembeni mwa ule mgonjwa, akaaga. Wakati wa kuvuna ulipofika, mama alichimba huku na kule, akaona mwenyewe, akang'oa shamba zima bila kutuita. Namkumbuka kwa sababu moja. Yule mama alikuwa amebana matumizi tangu azaliwe, na hakunywa uji bila sukari kwa kupenda. Hakuna aliyemwita ukumbini asimame mbele ya watu awafundishe namna ya kuishi kwa kidogo. Kuishi kwa kidogo kunaitwa umaskini mpaka kufanywe na mtu mwenye uwezo wa kuacha.

Kazi kubwa ya huku mnaijua, ni korosho. Mikorosho inatoa maua kipupwe, na ugonjwa wa ubwiri unga unakuja na maua. Mnaona kitu cheupe kama unga wa sembe, mara maua yanakauka, yanakuwa meusi, yanapukutika, na mwenye shamba anabaki na kivuli. Dawa ni salfa ya unga, inapulizwa kwa mashine ya kubeba mgongoni yenye kelele za kuzibua masikio. Inapulizwa alfajiri, umande ungali juu ya majani ili unga ushike, na upepo bado umelala. Mzee Konstantino alikuwa akisema upepo ukiamka weka mashine chini, maana salfa inayopeperuka ni ya jirani. Maneno hayo nimeyafundisha katika kila kitongoji nilichopita, na kama nitakavyoeleza, yaliniletea balaa nyumbani.

Nilipohamishiwa Nachingwea, nikapangiwa Lionja, nilikuwa nimeshaolewa na Hemedi. Naye alikuwa bwana shamba, na sitamnyima haki yake: ujanani alikuwa hodari, anapanda mkorosho kama nyani, anapogolea tawi asiloliona mwingine. Tulijenga Lionja, kando ya mikorosho aliyoachiwa na baba yake. Tukapata watoto, Rehema na wadogo zake. Tulikuwa watu wa kawaida, tunakula, tunadaiwa michango, tunaitwa kwenye misiba na ngoma za unyago, maisha yanakwenda.

Kisha akaja mhamasishaji kutoka Dar es Salaam. Watumishi tuliitwa ukumbini pale mjini Nachingwea. Mimi nilikuwa Namungo siku hiyo, nimeazimwa na Ruangwa kuwashawishi vijana waliotupa ufuta wao wakakimbilia mashimo ya dhahabu warudi shambani, na kwa kuwa siku hiyo kulikuwa na mpira, sikumkuta mtu shimoni wala shambani. Hemedi ndiye aliyehudhuria. Baadaye niliambiwa na wenzangu kwamba gari la yule bwana lilikaa nje linanguruma muda wote wa somo ili ndani pasipate joto, na somo lenyewe lilikuwa kubana matumizi.

Hemedi alirudi macho yanameremeta. Alinieleza kwamba kufanya kazi mpaka sitini ni utumwa, kwamba mtu mwerevu anajinyima mapema, anastaafu mapema, na fedha inamfanyia kazi yeye. Mimi nimezunguka mashamba maisha yangu yote na sijawahi kuiona fedha imeshika jembe. Lakini nilidhani ni homa ya siku mbili.

Sukari ikaondoka kwanza. Tukanywa mchaichai, akasema ni dawa. Sabuni ya mche ikakatwa vipande kwa uzi, kila mtu na kipande chake, na vipande vikakaguliwa. Betri za redio zikaanikwa juani na ufuta. Akina mama wakija kuchangisha kwa ajili ya unyago wa mtoto wa jirani, Hemedi alikuwa anakwenda nyuma ya nyumba kuangalia kuku, na sisi hatukuwa na kuku. Siku ya shughuli yenyewe, pilau likishuka, yeye ndiye wa kwanza kunawa. Mimi ndiye niliyekuwa nachanga kimyakimya, maana najua siku yangu ya msiba sitabebwa na falsafa. "Haba na haba hujaza kibaba, Mama Rehema," alikuwa akiniambia. Hakuwahi kuniambia kibaba ni cha nani.

Siku moja, hata hamsini hajafika, alirudi mchana, akavua viatu, akakaa barazani.

"Mimi nimestaafu," akasema.

"Umeacha kazi."

"Nimestaafu. Ni uchaguzi wa maisha."

"Na tutakula nini?"

"Shamba lipo. Tutabana."

Kesho yake niliamka alfajiri kama kawaida, nikachota maji, nikapika, nikafua, nikavaa mabuti, nikapanda pikipiki ya kazi, nikaenda kuzungukia wakulima. Niliporudi jioni alikuwa pale pale barazani. Akaniuliza mbona nimechelewa, yeye tangu mchana hajala. Basi ndivyo mtu anavyostaafu mapema, vijana. Mnaweza kuandika.

Sasa nieleze jambo lililokuwa moyoni mwangu wakati huo wote. Sheria inamruhusu mtumishi kuomba kuondoka kwa hiari akifika hamsini na tano. Mimi nilikuwa nautazama umri huo kama mfungwa anavyotazama geti. Magoti yalikuwa yameshaharibika kwa pikipiki na makorongo. Nilitaka kukaa. Sikutaka kusafiri, sikutaka mradi wala duka, nilitaka kukaa chini mchana kweupe na mtu asiniite. Lakini nyumba yetu ilikuwa na kiti kimoja tu cha mapumziko, na Hemedi alikikalia mapema. Wote wawili tukikaa, chungu kinakaa pia.

Nilipokaribia umri huo nilimwambia wazi. Akafikiri, akaapa kabisa: "Mikorosho ikizaa vizuri msimu huu, na wewe unaacha. Nakuahidi, Mama Rehema." Nikafurahi, nisiwadanganye. Nikaanza hata kuhesabu vitenge vyangu nione nitavaa kipi siku ya kuagwa.

Alichofanya Hemedi msimu ule, sijui kama kuna mtu nje ya kanda hii ya korosho angeweza hata kukiwaza. Misimu ya nyuma alikuwa ameshaanza kuipunguza salfa kwa kuichanganya na majivu, anayachekecha kwa chekeche langu la unga, nami napika ugali wenye ladha ya jiko. Safari hii akaona hata hiyo ni anasa. Shamba letu linapakana na la Bi. Asumini, mama mchapakazi ambaye anapuliza mikorosho yake mwenyewe, mashine mgongoni, kitambaa puani. Hemedi alikuwa amegundua kwamba asubuhi upepo unatoka kwa Bi. Asumini unakuja kwetu. Kwa hiyo hakununua salfa kabisa. Alifunga uzi kwenye kijiti pale mpakani, akakaa na kikombe chake cha mchaichai kuangalia uzi unaelekea wapi, akisubiri Mungu amletee salfa ya jirani.

Mimi wakati huo niko mbioni kitongoji hadi kitongoji, naamini kazi nyumbani inafanyika. Siku niliyopata nafasi ya kupita shambani, maua yetu yalikuwa yameshapigwa unga, mengine yameanza kuwa meusi. Ng'ambo ya mpaka, maua ya Bi. Asumini yalikuwa yamesimama yana afya, mistari myekundu imepita kwenye weupe vizuri. Bi. Asumini mwenyewe alikuwa anapalilia. Nikamuuliza, kwa kuwa bado nilikuwa sijaelewa, kama mwaka huu alipuliza.

"Nimepuliza, mama shamba. Si ulitwambia tupulize upepo haujaamka? Mie siku hizi namaliza kabla jua halijachomoza. Haipotei hata chembe."

Jioni Hemedi alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu.

"Hivi yule mama umemwambia nini?"

"Nilimfundisha kupuliza."

"Salfa yake yote inabaki kwake!"

"Ndiyo kazi niliyoajiriwa."

"Ungenifikiria na mimi basi."

Niliangalia mikono yake. Ilikuwa laini. Mchuma janga hula na wa kwao, na janga lile nililila mimi hadharani, kwenye mkutano wa wakulima, nikiwa nimesimama mbele ya watu naeleza mambo yale yale ya salfa na umande. Mzee mmoja akanyoosha mkono kwa adabu kabisa.

"Samahani, bibi shamba. Nauliza tu. Lile shamba la jirani na Bi. Asumini, lililokauka maua, mwenyewe hakuhudhuria mafunzo?"

Watu wakaangalia chini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini, na nimewahi kuanguka na pikipiki mbele ya mkuu wa wilaya.

"Mwenyewe amestaafu," nikasema.

Walicheka mpaka ikabidi mkutano uahirishwe. Na mimi nilicheka nao, lakini nikiwa njiani kurudi nilisimamisha pikipiki nikalia, kwa sababu nilijua siachi kazi. Mikorosho haikuzaa, na barua ya kuomba kuondoka sikuiandika.

Nilikwenda kumwona Mzee Konstantino, mzee sana wakati huo, nikamkuta anapukuchua mbaazi. Nikamweleza yote. Hakucheka wala hakumlaani Hemedi. "Pumziko ni ugali, ntoto wangu," akasema. "Ukiukuta umewekwa mbele yako, kuna ntu kasonga." Nikamuuliza, na mimi atanisongea nani? Akaendelea na mbaazi zake. "Hilo," akasema, "nuulize aliyeshika nwiko." Aliyeshika mwiko nilikuwa mimi, na nilikaa na jibu hilo miaka yangu yote iliyobaki kazini nikiligeuza.

Miaka hiyo ndiyo mliyonikuta nyinyi. Naamini niliwafundisha vitu viwili vitatu: kwamba jani linaangaliwa upande wa chini kabla ya upande wa juu, kwamba mkulima anayesema "sawa, sawa" haraka hatafanya, kwamba mashine ya kupuliza inasafishwa leo na si siku ya kuitumia. Mlinisikiliza mkiwa kazini. Jumamosi mkaenda kumsikiliza Hemedi. Wakati huo mkwe wetu, mume wa Rehema, alikuwa amempa simu ya kupangusa, anaangalia wahamasishaji kutwa nzima kwa bando langu, na anachokisikia asubuhi anawauzia nyinyi jioni. Mmoja wenu alithubutu kuniambia, "Mama, mzee yuko vizuri sana. Kastaafu kitambo na maisha yanaenda." Nikamuuliza yanaenda na nani. Akadhani natania, akacheka.

Ile hafla ya kuniaga nawashukuru. Kitenge ni kizuri na keki niliila. Lakini mlimpa Hemedi nafasi ya kuzungumza kama mfano wa kuigwa, akasimama, akawaambia siri ni nidhamu, mkapiga makofi. Akaongeza kwamba sasa na mimi nimeingia katika safari aliyoitangulia. Mimi nilikuwa nimekaa na zawadi mapajani. Nikamwambia Rehema aliyekuwa kando yangu kwamba baba yake atapata habari mbaya kesho, naye akanifinya mkono.

Asubuhi yake sikuamka. Nilikuwa macho, ila sikuamka. Jua likaingia dirishani, nikaliangalia, sikumbuki mara ya mwisho kuliona likiingia nikiwa nimelala. Hemedi akakohoa barazani. Akakohoa tena. Mwishowe akaja mlangoni.

"Mama Rehema, unaumwa?"

"Siumwi."

"Chai vipi?"

"Nimestaafu."

"Umestaafu kazi ya serikali."

"Na wewe ulistaafu ipi?"

Namjua, si mtu mjinga, nilimwona analifikiria swali. Akajaribu kusema kwamba ya nyumbani ni mambo mengine. Nikamwambia ni uchaguzi wa maisha. Akauliza tutaishije. Nikamwambia mafao yangu ni ya kunipumzisha mimi, na yeye, kwa utaalamu alionao, atabana.

Siku zilizofuata nilijipikia mimi. Kidogo, cha mtu mmoja, na chai yangu ilikuwa na sukari. Hemedi alichemsha muhogo, ukamuungulia, akachemsha mwingine. Alichota maji mara moja, akarudi ameshika kiuno. Alitafuta chumvi nyumba nzima. Ameishi humo tangu tuijenge, hajui chumvi inakaa wapi. Sikumwonyesha. Watasema huyu mwanamke ana roho mbaya, wacha waseme. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka mchana kweupe, miguu nimeinyoosha, magoti yananishukuru, na kwa mara ya kwanza sikuwa namwonea wivu mtu yeyote duniani.

Kisha asubuhi moja nikamsikia anapiga pasi shati. Aliipiga vibaya. Akaja kuniaga akiwa amevaa viatu vyake vya zamani vya kazini, akaniambia, macho yako pembeni, kwamba chama cha msingi cha ushirika kinatafuta mlinzi wa mchana kwenye ghala la ufuta, na wamemkubali. Kazi yenyewe ni kukaa getini. Nikamwambia hongera, ana uzoefu wa miaka mingi.

Kwa hiyo, vijana, Jumamosi mkija kujifunza kustaafu mapema, mtamkosa. Yuko zamu. Siku ile alipofika mlangoni alisita, akageuka, na sura yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli, bila utani, mpaka nikamwonea huruma kidogo.

"Mama Rehema, kazi hii nitaifanya mpaka lini?"

Nikavuta mto nikaegemea vizuri.

"Mpaka mimi nichoke kupumzika," nikamwambia.